Tuache Kupaka Lami Juu ya Maji

Tuanze na kosa letu wenyewe, mtu asije akasema tunanyooshea wengine vidole na vidole vyenyewe vimejaa lami.

Mwaka jana mwezi wa nane, mvua zimekolea, watano kati yetu tuliitwa kuziba paa la nyumba ya gorofa hapa Manibe, kando ya barabara ya Koboko. Aina ya nyumba mnaijua. Chini vyumba sita, juu vyumba sita, na juu kabisa hakuna bati hata moja. Ni zege tupu, limelala kama meza, limepakwa lami, na nondo zimesimama kwenye pembe zote zikingoja gorofa nyingine ambayo haiji. Mzee mwenye nyumba alitupa madebe mawili ya lami, akasema, "Vijana, pakeni pale panapovuja, jioni mje mchukue pesa yenu." Tukapanda. Juu bado kulikuwa na maji kwenye mabonde. Tukayafagia, tukangoja jua kama nusu saa hivi, tukapaka. Jioni kila mtu akapokea elfu ishirini. Tulikula nyama siku hiyo, hatufichi.

Siku tisa baadaye mvua ikapiga usiku. Chumba cha juu cha mwisho anakaa mama mmoja kutoka Yei na watoto wake wanne. Pale pa zamani tulipopaka palikuwa pakavu, kweli. Lakini maji yalitafuta njia nyingine. Yaliingia kwenye bomba la nyaya lililofukiwa ndani ya zege, yakatembea nalo mpaka kwenye taa, yakaanza kudondoka kupitia balbu. Chini ya balbu kulikuwa na kiti, na juu ya kiti begi, na ndani ya begi karatasi ya familia, ile ya OPM yenye majina na picha za wote. Asubuhi wino ulikuwa umeyeyuka. Ya mtoto wa mwisho ilibaki doa la bluu tu.

Mkimbizi anayepanga mjini huku jina lake liko Rhino Camp hahitaji kuelezwa hii ni shida gani. Asiyejua tumweleze: siku ya mgao unapanda gari kwenda kambini, unapanga mstari, unaonyesha karatasi. Karatasi isiposomeka unaambiwa ngoja. Mama alienda mara tatu kwa nauli yake mwenyewe, na mgao wa mwezi ule ukampita. Tulipokwenda kumpa pole hakutugombeza. Alituuliza tu, "Wanangu, siku ile mlipanda kufanya nini?"

Hatukuwa na jibu. Andiko hili ndilo jibu, limechelewa miezi sita.

Tulipanda kupaka. Kuziba ni kazi nyingine kabisa, na sisi hatukuifanya, wala hatukuulizwa kuifanya, wala hakuna aliyekuwa tayari kuilipia. Mjini Arua na hapa Manibe na kule Koboko kuna desturi nzima imejengeka juu ya kupaka: mvua inakuja, paa linavuja, kijana anaitwa, lami inapakwa, pesa ndogo inatoka, mwaka unaisha, mvua inarudi. Mwenye nyumba anaona ametumia kidogo. Kijana anaona amepata kazi. Mpangaji peke yake ndiye analala na sufuria pembeni ya kichwa. Na mpangaji huyo mara nyingi ni mmoja wetu. Tunasema desturi hii ikome, na tunaanza na sisi tunaoshika brashi.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu maji, maana wengi wanaongea juu ya paa bila kuyahesabu. Huku West Nile tunapata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya mwezi wa nne na wa kumi na moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa tunalolisema lina kama mita 10 kwa 18. Mvua ya milimita 40, ambayo huku haimshangazi mtu, inamwaga juu yake lita 7,200. Hizo ni jerikani 360 za lita ishirini. Fikiria wewe na dada zako mnazibeba mpaka juu kwa ngazi na kuzimwaga zote mchana mmoja, halafu uniambie kama koti moja la lami linatosha.

Paa la bati lenye mteremko linayatupa maji hayo kabla hayajapata wakati wa kufikiri. Paa bapa linayapa wakati. Kwa hiyo paa bapa lililotengenezwa vizuri kumbe si bapa kweli: linatakiwa lishuke angalau sentimita moja na kitu kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Jicho halioni, lakini maji yanaona. Paa letu la Manibe lilikuwa na matundu mawili. Moja lilikuwa zima. La pili tulikuja kuligundua baadaye, limejaa majani ya mwembe, kandambili ya mtoto, na juu yake tabaka la lami ngumu. Lami ya nani? Ya waliotutangulia, na juu yake ya kwetu. Tuliziba tundu la kutolea maji ili nyumba isiingie maji! Cheka, sisi pia tulicheka, halafu tukanyamaza.

Kwa nini basi mapaa haya yako hapa, nchi ya mvua hivi? Jibu limesimama juu ya zege: zile nondo. Mtu anajenga gorofa ya kwanza, anamwaga zege juu yake, anaacha nondo nje ili mwaka ujao aendelee. Pesa ikipatikana. Wengi hapa pesa yao ilikuwa inatembea na biashara ya Juba na Yei, na tangu vita viliporudi Julai 2016 biashara hiyo haijapona sawasawa. Basi zege lililokusudiwa kuwa sakafu ya watu wa juu limekuwa paa la watu wa chini, mwaka wa kwanza, wa pili, wa saba. Lami ilipakwa kama kitu cha kushikilia kwa muda tu. Na nondo zenyewe ni milango ya maji: kila inapozama ndani ya zege kuna ufa mwembamba, maji yanaingia, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka zaidi. Yaani ile alama ya tumaini la mzee ndiyo inayomvunjia nyumba.

Dawa kubwa tunaijua wote: weka mbao, weka mabati yenye mteremko juu ya lile zege, maliza. Ukimwambia mwenye nyumba anakasirika. Tulidhani ni gharama. Gharama ipo, lakini tumekuja kuona kuna jambo lingine. Kuweka mabati ni kukiri kwamba gorofa ya pili haiji. Heri alipe lami kila mwaka kuliko kukiri mara moja.

Kwenye pwani, Lamu na Unguja, wazee wa zamani walijenga nyumba za mawe zenye mapaa bapa, chokaa na vifusi vya matumbawe juu ya boriti za mikoko. Walikuwa mafundi hasa, na mapaa yale yalitaka kutunzwa kila wakati. Leo ukitazama picha za Mji Mkongwe utaona mabati kila upande, na Lamu utaona makuti yameinuliwa juu ya sakafu za zamani. Wale walikiri. Hawakuwa wajinga, na mwenye nyumba wa Manibe hatapungukiwa heshima akifanya kama wao.

Sawa, tuseme hakiri. Zege linabaki na lami inabaki. Hapo ndipo tunarudi kwenu, vijana wenzetu mnaofanya kazi hii, kwa sababu hata lami ina sheria zake na sisi tumezivunja zote.

Lami inakufa kwa jua kabla haijafa kwa maji. Ni nyeusi, inakula joto lote la mchana, ukiikanyaga saa nane bila viatu utaruka. Halafu mvua ya jioni inaipiga ghafla ikiwa bado ya moto. Inatanuka, inajikunja, inatanuka, inajikunja, na jua linaendelea kuikausha mafuta yake mpaka inakuwa ngumu kama ganda la mkate. Siku moja inapasuka. Sasa wewe unakuja na koti jipya juu ya ganda lile. Koti jipya limeshika wapi? Limeshika ganda, na ganda limeshaachana na zege zamani.

Na ukipaka juu ya unyevu, kama tulivyofanya, mambo ni mabaya zaidi. Maji yaliyofungiwa chini yakipata jua yanageuka mvuke, mvuke unasukuma, lami inainuka kama lengelenge mguuni. Lengelenge linapasuka kwa kukanyagwa au lenyewe. Umemtengenezea mama wa watu tundu ambalo halikuwepo.

Halafu kuna wajanja. Tunawajua, wengine ni rafiki zetu. Wanachanganya lami na oili chafu ya gari ili iwe nyingi na ipakike kwa urahisi. Oili chafu haikauki. Paa linabaki linateleza na mwezi ukifika jua limeivusha yote kwenye mabonde. Wengine wanalainisha kwa petroli karibu na moto. Huyo hatumshauri, tunamwomba tu afikirie watoto wake. Lami ya moto ikikumwagikia mwilini, mimina maji ya baridi mengi kwa muda mrefu, usiibandue kwa nguvu kwa sababu inaondoka na ngozi, kimbia hospitali. Mmoja wetu ana kovu la mkono kwa kutojua hilo.

Kazi ya kweli inaanza ndani ya chumba, siku ya mvua, na kalamu. Ingia kwa mpangaji, umsalimie vizuri, umwambie akuonyeshe linapodondoka. Pima kutoka kuta mbili. Mvua ikiisha panda juu, pima hivyohivyo, weka alama. Hapo hujapata tundu bado! Umepata mahali maji yanapotokea, si yanapoingilia. Sasa tafuta kuelekea juu ya mteremko: nondo iliyo karibu, ufa, kona ya ukuta wa pembeni, tundu la maji lililoziba. Kwa yule mama, maji yaliingilia kwenye nondo ya kona, karibu mita tatu kutoka kwenye balbu yake. Sisi tulipaka katikati, mahali pakavu kabisa, kwa bidii. Na kama maji yanatokea kwenye taa, jambo la kwanza ni kuzima umeme wa nyumba nzima. Kabla ya ngazi, kabla ya brashi.

Halafu subiri. Hili ndilo gumu, kwa sababu kusubiri hakulipwi. Kata kipande cha plastiki inayoonyesha, kitandike juu ya zege, bana kingo zote, kiache usiku kucha na asubuhi yote. Ukikuta matone upande wa chini, zege bado limelowa, rudi nyumbani. Likikauka, ondoa ganda lote lililoachana, hata kama ni nusu ya paa. Lengelenge likate kwa msalaba, fungua pembe zake nne, liache likauke, lirudishe, halafu kiraka chake kipite kingo kwa upana wa kiganja, na kona za kiraka zikatwe duara kwa sababu kona yenye ncha ndiyo inabanduka kwanza. Ufa usiupake tu: weka koti, laza juu yake kitambaa cha wavu, weka koti jingine. Mabonde yanayotuama maji yajazwe simenti yenye mteremko. Pale paa linapokutana na ukuta wa pembeni weka simenti ya mshazari ili lami isivunjike kwenye kona, na lami ipande ukutani kama sentimita 15, isiishie chini. Nondo isuguliwe kutu, ijengewe kichuguu cha simenti kuizunguka, ndipo ipakwe. Mwisho rangi ya fedha juu ya yote, ili jua lirudishwe linakotoka.

Ukimaliza, jaribu. Zungushia mchanga sehemu moja ndogo, jaza maji kina cha vidole viwili, yaache mpaka kesho. Sehemu moja, halafu nyingine. Usijaze paa zima, maji ni mazito na zege lenyewe hulijui lilimwagwaje. Kama chini ni pakavu, chukua pesa yako. Kama si pakavu, hujamaliza.

Tunajua mtakachosema. "Nani atalipa siku hizo zote?" Ni swali la haki. Sisi pia tuna kodi, sisi pia tuna wadogo zetu wanaosoma. Lakini tuwe wakweli: kazi ya elfu ishirini inayoharibika kwa siku tisa imetuharibia jina. Sasa hivi pale mtaani wakitaka fundi wa paa wanasema, "Usilete wale vijana wakimbizi, wale ni wa kupaka." Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na wenzetu katika nchi nyingine hawana bahati hiyo. Ruhusa tunayo. Jina tunalichafua wenyewe.

Sasa wenye nyumba. Wengi wao hawatasoma hapa, lakini wapangaji wao wanasoma. Wapangaji, mjue kwamba Uganda ina sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022. Inasema nyumba inayopangishwa iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Haisemi binadamu mwenye kitambulisho cha taifa. Mkimbizi pia ni binadamu, tumeangalia. Paa ni la mwenye nyumba. Wajibu wako ni kumpa habari mapema panapoharibika, na usiziharibu mwenyewe. Basi mpe habari kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu wenye picha na tarehe, ili siku ya maneno usibaki na maneno matupu. Tunajua kwa nini hamfanyi. Mnaogopa kuambiwa, "Kama hupendi, rudi kambini." Tumeambiwa sisi pia. Ndiyo maana asiende mtu mmoja. Nyumba ile ina vyumba kumi na viwili; kumi na viwili wakienda pamoja, kwa adabu, pamoja na jirani Mlugbara anayelowa kama sisi, mzee hawezi kuwaondoa wote na kubaki na nyumba tupu inayovuja. Maji hayaulizi kabila. Walioko vyumba vya chini pia wasijidanganye, zege likioza linaanguka mpaka chini.

Na usitandike shitingi juu ya lami ukaikandamiza na mawe. Tumeona mapaa mengi hivyo. Shitingi inaficha maji chini yake, paa halikauki tena, na mawe yanatoboa lami. Heri sufuria.

Tumefika kwa wenzetu wa mashirika, ambao tunawaheshimu na wengine tunakula nao. Hapa tutasema wazi.

Shitingi mlizotupa siku tunavuka mpaka zilituokoa. Ile nyeupe ya UNHCR, mita 4 kwa 5, wengi wetu tuliiota miaka. Lakini shitingi ni kitu cha wiki za kwanza. Jua linaila, panya wanaila, upepo wa mwezi wa tatu unaimaliza. Kuna watu Bidibidi, iliyofunguliwa 2016, na Imvepi, iliyofunguliwa tena 2017, ambao bado wanakatiana vipande vya shitingi kuziba nyasi. Ni ugonjwa uleule wa paa la Manibe: kitu cha muda kimegeuzwa kuwa cha kudumu, na kila mwaka kinapakwa upya ili kisionekane. Tofauti ni rangi tu, mmoja anapaka nyeusi na mwingine anatandika nyeupe.

Halafu mafunzo. Mmetufundisha sabuni. Mmetufundisha nywele, na keki, na kushona, na sabuni tena. Katika kundi letu kuna watu wenye vyeti vitatu vya sabuni, na Arua haina uchafu wa kiasi hicho. Hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa kutengeneza nyumba iliyokwisha kujengwa. Kujenga, ndiyo, kuna waliofunzwa uashi, lakini wanafunzwa ukuta mpya kwenye uwanja mkavu. Kutafuta maji ndani ya nyumba ya watu, kupima, kusubiri, kumweleza mwenye nyumba mgumu kwa nini leo huwezi kupaka, hayo hayamo kwenye siku kumi na nne za kozi. Na kumbe mji umejaa kazi hiyo. Arua imekuwa jiji tangu 2020, majengo yanaongezeka, mengine yana nondo juu, na mvua haijasoma tangazo.

Mnapohesabu, mnahesabu vijana waliofunzwa. Tunaomba mhesabu mapaa yaliyopita msimu mzima wa mvua bila kuvuja. Rudini mwezi wa kumi na mpande ngazi. Kama kijana mliyemfunza paa lake linavuja, mjue na yeye ajue. Tunaona uso wa mtu wa takwimu akisoma hapa, tunamwomba radhi, lakini ngazi tunayo, tutamshikia.

Kuna mwenzetu mmoja katika kundi alipinga andiko hili. Alisema, "Watu hawana chakula na nyinyi mnaandika juu ya lami?" Tulibishana sana, na hatujakubaliana wote mpaka leo. Ana hoja. Mwezi wa nne 2020 mgao wa chakula ulikatwa asilimia 30, na tangu 2023 tumegawanywa kwenye makundi, wengine wanapata kidogo, wengine kidogo zaidi, wengine hawapati. Lakini nenda kaone unga unakaa wapi. Unakaa kwenye mfuko, chini, kwenye chumba hikihiki. Ukilowa usiku mmoja unaota ukungu, na hakuna ofisi inayorudisha unga uliolowa. Mtoto anakohoa kwa sababu ukuta umelowa tangu mwezi wa tano, na pesa ya dawa inatoka kwenye pesa ya chakula. Aliyekatiwa nusu ya mgao ndiye hasa hawezi kupoteza nusu iliyobaki kwa paa.

Jambo la mwisho ni wakati. Tunaitwa mwezi wa nane, wakati paa haliwezi kukauka. Mwezi wa kwanza na wa pili, jua linawaka mpaka mbwa hawabweki, hakuna anayekumbuka kwamba paa lipo. Kila fundi wa kweli wa lami angechagua sasa. Leo ni mwezi wa pili. Mvua ziko mlangoni.

Kwa hiyo wiki iliyopita tulimrudia mzee. Tulikwenda saba, pamoja na wapangaji watano, na yule mama wa Yei alikuja na mtoto mgongoni. Tukamsalimu, tukakaa, tukanywa maji yake. Tukamwambia tulimharibia kazi mwaka jana, tunataka kuirudia bila malipo ya mikono, yeye atoe vifaa tu: mifuko mitatu ya simenti, lami, kitambaa cha wavu, rangi ya fedha. Akatutazama muda mrefu. Akauliza zile nondo tutazifanyaje. Tukamwambia tutazizungushia simenti, hatutazikata. Hapo uso wake ukalainika kidogo. Akasema simenti mifuko mitatu ni mingi, atatoa miwili. Tukamwambia mabonde ni matatu. Akasema tuanze na miwili, atafikiria.

Tulimwomba siku sita za jua. Ametupa nne. Tunaanza Jumatatu asubuhi saa moja, na mwenye ngazi ndefu kuliko yetu atuazime.